Intaneti kijijini: namna serikali ya kijiji inavyoweza kuipanga na kuifuatilia mpaka ifike

Kijijini kwetu, tarafa ya Amani wilayani Muheza, kuna mfenesi ambao mizizi yake imesuguliwa na wakaaji mpaka inang'aa. Kabla ya mnara, hapo ndipo simu ilipokuwa ikishika. Asubuhi ungemkuta mwalimu mkuu na kishikwambi chake, kile walichogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, akihangaika kuingia kwenye mfumo wa manunuzi wa NeST ili shule inunue chaki na karatasi. Pembeni yake kulikuwa na mhudumu wa zahanati anayetuma taarifa za mwezi, na mama aliyeshika kiswaswadu akisubiri kuambiwa bei ya iliki Tanga mjini kabla dalali hajapanda na pikipiki. Mvua ikinyesha, shughuli zote za serikali na biashara za kijiji zilikimbilia nyumbani na watu hao watatu.

Nilikaa miaka mitano kwenye kamati ya fedha na mipango ya kijiji. Barua yetu ya kwanza ya kuomba mnara ilikuwa na mistari sita na mhuri. Iliondoka na haikurudi na neno lolote. Ya pili ilikuwa na kurasa tisa: vipimo, ramani iliyochorwa kwa mkono, idadi ya kaya, muhtasari wa mkutano mkuu na eneo lililokwisha kutengwa. Hiyo ndiyo iliyoleta watu wenye vifaa vya kupimia. Ninaandika hapa yote tuliyoyafanya kati ya barua ile na hii, pamoja na makosa ambayo yangeepukika, ili kijiji kingine kisipoteze miaka kama sisi.

Hatua ya kwanza: jueni mnaumwa nini

Watu wakisema "mtandao hakuna" wanaweza kuwa na maana tatu tofauti, na kila moja ina dawa yake.

Kuna kijiji ambacho mawimbi hayafiki kabisa. Hata kupiga simu ni mpaka upande kilima. Hapo panahitajika mnara, au kifaa cha kurusha mawimbi kutoka mnara wa jirani. Kuna kijiji ambacho mnara upo na simu zinapigika, ila juu ya kioo cha simu kunaonekana herufi E, au 2G. Hapo mnara unahitaji kuongezewa vifaa, kazi ambayo ni nyepesi na ya haraka kuliko kujenga mpya, kwa sababu ardhi, nguzo na umeme viko tayari. Na kuna kijiji ambacho 4G ipo lakini watu wengi wana viswaswadu, au bando linawashinda. Ukikiombea mnara kijiji hicho cha tatu, umeomba kitu ambacho hakitakisaidia.

Tofauti ya E na 4G ieleweni vizuri, maana wajumbe wengi wataiuliza. Chukulieni faili la mtihani la MB 10. Kwa spidi ya kawaida ya E, tuseme Mbps 0.1 (megabiti kwa sekunde; MB moja ni megabiti 8), litachukua zaidi ya dakika 13 kushuka, na likikatika unaanza upya. Kwa Mbps 5 linashuka kwa sekunde 16. Mtendaji wetu alipoyasema haya kwenye kikao, mzee mmoja alisema, "Basi mie miaka yote nilikuwa nadhani simu yangu mbovu."

Hatua ya pili: pimeni kila kitongoji

Kazi hii haihitaji mtaalamu. Inahitaji vijana wanne, simu janja mbili, daftari la mistari na laini ya kila kampuni inayosikika eneo lenu.

Simu nyingi za Android zinaonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba. Ingia Mipangilio, nenda Kuhusu simu, tafuta Hali ya laini. Utaona namba yenye alama ya kutoa mbele yake, kwa mfano -87 dBm. Namba hizi huwachanganya watu: kadiri inavyoelekea sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwa 4G, -85 ni nzuri sana, -100 inatosha kwa kazi za kawaida, -110 ni shida, na ikifika -120 simu inakaribia kukata. Msiandike "mtandao mbaya". Andikeni namba.

Pimeni sehemu zinazojulikana na kila mtu: mlango wa shule, zahanati, ofisi ya kijiji, gulioni, msikitini au kanisani, na angalau sehemu tatu za kila kitongoji, ikiwemo nyumba ya mwisho kabisa. Kila sehemu pimeni mara tatu: asubuhi, mchana, na saa mbili hadi saa tatu usiku. Ya usiku ndiyo itakayowafumbua macho. Mnara uleule unaoonekana mzima saa nne asubuhi unaweza kuzidiwa saa mbili usiku, watu wakirudi kutoka shambani na kila mmoja akishika simu yake. Mawimbi yatakuwa yaleyale, -90, lakini ujumbe wa sauti hautoki. Hiyo ni kesi tofauti na ya mawimbi dhaifu, na dawa yake ni kampuni kuuongezea mnara uwezo.

Daftari letu lilikuwa na safu saba: tarehe na saa, mahali, kampuni, herufi iliyoonekana juu ya simu (E, H ambayo ni 3G, au 4G), namba ya dBm, je ujumbe wa sauti wa nusu dakika ulitoka, na jina la aliyepima. Safu ya mwisho ina umuhimu wake: mtu akiandika jina lake, hapimi akiwa amekaa nyumbani.

Sisi kwenye milima ya Usambara tuligundua kitu ambacho hakuna aliyetuambia. Vitongoji viwili vilivyoachana kwa mwendo wa dakika kumi vilikuwa na vipimo vya mbinguni na ardhini. Kimoja kilitazama Muheza na uwanda wa pwani, kingine kiko nyuma ya mgongo wa kilima. Kwenye ramani za kampuni kijiji chote kilihesabiwa kuwa kina huduma. Daftari ndilo lililoonyesha kwamba nusu ya kaya zimekaa kwenye kivuli cha kilima. Ndugu zetu wa pwani ya Pangani na Mkinga hawana tatizo la milima, lakini wana minazi mirefu na umbali. Huko vipimo vitashuka polepole kadiri unavyoacha barabara kuu na kuelekea ufukweni.

Hatua ya tatu: hesabuni watu na kazi zao

Kampuni ya simu ni biashara. Hata inapopewa ruzuku, itauliza wateja wako wapi. Msiache ikisie.

Chukueni idadi ya kaya kwa kila kitongoji kutoka rejista ya kijiji, mlinganishe na takwimu za Sensa ya 2022. Hesabuni simu janja na viswaswadu kwa kuwatumia mabalozi. Siku mbili zinatosha. Hesabuni mawakala wa fedha kwa simu, maduka, mashine za kusaga, vikundi vya vikoba, bodaboda. Andikeni mazao yanayotoka kijijini na msimu wake: kwetu iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, Muheza ya chini machungwa, Pangani nazi, na kina mama wa mwani. Kisha andikeni kazi za serikali zinazokwama: manunuzi ya shule, taarifa za zahanati, mashine za POS za kukusanya ushuru ambazo hukaa siku nzima bila kutuma makusanyo. Hili la POS lisisitizeni mkiandikia halmashauri ya wilaya, kwa sababu linagusa mapato yake yenyewe.

Hatua ya nne: tafuteni kilima kinachoona watu

Wataalamu watachagua wenyewe mahali pa mwisho, na wana programu za kompyuta za kufanya hivyo. Lakini kijiji kinachokuja na mapendekezo mawili au matatu yaliyopimwa hupunguza safari zao. Safari ikipungua, gharama nayo inapungua.

Mawimbi ya simu hupenda kuona. Yanaweza kupenya majani kidogo na kujipinda kidogo juu ya kilima, hasa masafa ya chini kama ya 700 MHz na 800 MHz, lakini mgongo mzima wa mlima huyazuia. Kwa hiyo swali ni moja: ukisimama kileleni, unawaona watu wangapi?

Tulilijibu kwa tochi. Tulichagua usiku usio na mwezi. Wajumbe watatu walipanda kilima cha kwanza na daftari. Kila mwenyekiti wa kitongoji alipewa dakika tano zake: kuanzia saa mbili kamili kitongoji cha juu, saa mbili na dakika tano kinachofuata, na kuendelea. Dakika zake zikifika, watu wa kitongoji kile walisimama milangoni na kuelekeza tochi za simu juu kilimani, wakiwasha na kuzima. Juu kule tulihesabu. Kitongoji kimoja kiliwaka chote kama vimulimuli mpaka wajumbe wakasahau kuhesabu, ikabidi tupige simu warudie. Kitongoji cha bondeni tuliona tochi nne tu. Kesho yake usiku tulipanda kilima cha pili, na bonde lile lile likaonekana lote. Kilima ambacho kila mtu alikuwa na uhakika nacho, kwa kuwa ni kirefu zaidi, kilikuwa kibaya kuliko kifupi kilichokaa katikati.

Ukiona mwanga kwa macho ukiwa umesimama chini, mnara wenye urefu wa mita 40 au zaidi utaona zaidi yako. Kipimo hiki kwa hiyo ni kikali kuliko hali halisi, na hilo ni jema.

Kabla hamjapenda kilima, ulizeni ni cha nani. Kwetu sehemu kubwa ya vilele imo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kijiji hakina mamlaka ya kuigawa. Angalieni pia chanzo cha maji, makaburi, njia ya gari na umbali mpaka nguzo ya TANESCO au transfoma ya karibu. Umeme ukiwa mbali, mnara utaendeshwa kwa sola au jenereta, na jenereta lina kelele na mafuta ya kupandishwa kila wiki. Pimeni umbali huo kwa hatua kama hamna kifaa, lakini uandikeni.

Hatua ya tano: kikao, mkutano mkuu, ardhi

Hapa ndipo vijiji vingi huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mpango uanzie kwenye kamati ya fedha na mipango, uende halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Eneo la mnara ni dogo, mara nyingi mita 15 kwa 15 au 20 kwa 20, na udogo huo ndio unaowafanya viongozi waone hakuna haja ya kusumbua watu. Sumbueni watu. Kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, hakikisheni eneo hilo linaingia humo.

Nimeona kwa macho yangu, kijiji cha jirani, kilichotokea pale utaratibu huu uliporukwa. Kampuni moja ilikuja na mkataba wa Kiingereza, kurasa kumi na kitu. Viongozi watatu wakasaini jioni moja juu ya boneti la gari. Eneo lilikuwa la kijiji, lakini akaunti iliyoandikwa kwenye mkataba ilikuwa ya mtu mmoja. Wananchi walikuja kujua miaka kadhaa baadaye, mjukuu wa mmoja wao alipoambiwa asome karatasi iliyokutwa kwenye droo. Kodi ya miaka yote hiyo haikujenga hata tundu moja la choo cha shule. Hakuna aliyevunja mnara na hakuna aliyepigwa, lakini mpaka leo mikutano ya kijiji kile haijai.

Basi fanyeni hivi. Mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano, kifungu kwa kifungu. Nakala ipelekwe kwa mwanasheria wa halmashauri ya wilaya kabla ya saini. Kodi ilipwe kwenye akaunti ya benki ya kijiji, na itajwe ni kiasi gani, inalipwa lini, na inapanda kwa kiwango gani, maana mikataba hii huwa ya miaka kumi au zaidi na shilingi ya leo si ya wakati ule. Andikeni nani anatengeneza njia ya kupanda juu ikiharibika kwa mvua. Andikeni walinzi na vibarua watoke kijijini. Andikeni kwamba mkataba ukiisha, kampuni inaondoa nguzo na zege lake. Na ombeni kifungu kimoja ambacho wengi hawakifikirii: kijiji kiruhusiwe kufunga antena yake ndogo kwenye nguzo hiyo kwa ajili ya shule na zahanati. Wanaweza kukataa. Lakini usipoomba kabla ya saini, baadaye hutapewa.

Kama eneo ni la mtu binafsi, kodi ni yake. Mwacheni ale jasho lake, ila mwambieni naye asome kabla ya kusaini.

Mkutanoni litaulizwa swali la mionzi. Lijibuni kwa heshima, maana anayeuliza mara nyingi ni mama mwenye watoto. Mawimbi ya mnara wa simu ni ya aina moja na ya redio na televisheni. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei. Viwango vyake vinapimwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na kijiji kina haki ya kuandika barua kuomba vipimo. Ujenzi wenyewe unapitia taratibu za mazingira chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira. Ombeni kuonyeshwa vibali hivyo, vibandikwe ofisini.

Jingine: pangeni mkutano saa ambayo kina mama wanaweza kuja. Mkutano wetu wa kwanza ulikuwa saa nne asubuhi, wakati wa kuchuma chai. Walioamua mahali pa mnara walikuwa wanaume waliokaa kijiweni.

Hatua ya sita: andikeni, na mjue barua inakwenda wapi

Nchi yetu ina chombo mahususi cha kazi hii: Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Kampuni za mawasiliano huchangia, na Mfuko hutoa ruzuku kwa kampuni itakayokubali kupeleka huduma mahali ambapo faida ni ndogo. Mfuko haujengi wenyewe. Unatangaza zabuni, kampuni zinashindania, anayeshinda anajenga na kuendesha. Mei 13, 2023 ulisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 nchini na kuongezea nguvu minara 304 iliyokuwa na huduma hafifu. Kijiji kisichojulikana kwamba hakina mtandao, au kinachohesabiwa kuwa nao kwa sababu ya kilima kimoja, hakiingii kwenye orodha kama hiyo. Daftari lenu la vipimo linaziba pengo hilo.

Njia iliyozoeleka ni hii: mtendaji wa kijiji anapeleka kwa mtendaji wa kata, suala linajadiliwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya diwani, linakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, ambaye analipeleka UCSAF. Nakala ziende TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, na kwa mbunge. Pelekeni pia nakala kwa kampuni mbili au tatu za simu, kwa sababu wakati mwingine kampuni ina mpango wake tayari na inatafuta mahali pa kuanzia.

Ukurasa wa kwanza uwe mfupi. Sisi tuliandika hivi, nanyi mtaweka namba zenu: "Kijiji kina kaya kadhaa katika vitongoji sita. Vitongoji vinne havina intaneti, kama vipimo 162 vilivyoambatishwa vinavyoonyesha. Shule ya msingi, zahanati na ofisi ya kijiji vimo katika vitongoji hivyo. Mkutano mkuu umetenga eneo la mita 20 kwa 20, mita 900 kutoka nguzo ya umeme, gari linafika. Tunaomba huduma ya 4G." Mengine yote yawe viambatisho: vipimo, ramani, hesabu ya tochi, muhtasari wenye saini na mahudhurio.

Zingatieni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini mipango inakusanywa kutoka vijijini miezi mingi kabla. Wazo linalofika wilayani Mei limeshachelewa. Liingizeni kwenye mchakato wa fursa na vikwazo, O&OD, ule mnaoutumia kupanga madarasa na visima, ili intaneti iandikwe kama kipaumbele cha kijiji. Likiwa ombi la mtu mmoja mwenye simu nzuri, halina uzito.

Kisha fuatilieni kila mwezi. Mtu mmoja, kwa jina, mwenye nauli ndogo iliyopitishwa na kikao. Kila anapokwenda anarudi na jina la aliyezungumza naye na tarehe, vinaandikwa kwenye faili, na faili linabaki ofisini. Viongozi wa vijiji walichaguliwa Novemba 27, 2024 kwa miaka mitano, na muda huo ukiisha wengine watakuja. Mwenyekiti akiondoka na faili nyumbani kwake, kijiji kinaanza moja.

Hatua ya saba: mkisubiri, jengeni kituo kidogo

Mnara unaweza kuchukua miaka. Watoto wa darasa la saba hawasubiri.

Kama kuna sehemu moja kijijini yenye 4G ya -100 au bora, mnaweza kuifanya kisima cha intaneti. Funga antena ya nje yenye kuelekezwa kwenye mnara, juu ya mlingoti wa bomba, waya ushuke kwenye ruta ndani ya nyumba, na ruta igawe kwa Wi-Fi. Antena iliyoinuliwa juu ya paa na kuelekezwa vizuri hupata mawimbi ambayo simu mkononi haiyaoni. Kama sehemu hiyo iko mbali na shule lakini zinaonana, jozi ya vifaa vya kurusha Wi-Fi kutoka kilima mpaka kilima inaweza kuvuka kilomita kadhaa. Jaribuni kwanza kwa tochi.

Umeme wake ni mdogo. Ruta na antena zikila wati 15, kwa saa 16 ni wati-saa 240 (Wh). Betri ya 12V yenye 100Ah ina 1,200 Wh, lakini betri ya kawaida usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600 Wh, sawa na siku mbili na nusu bila jua. Kwa ukungu wa Amani hiyo inafaa. Sola ya wati 150 itaijaza siku za jua la kawaida. Zimeni usiku wa manane; hakuna anayesoma saa tisa. Fundi asisahau waya wa ethi kwenye mlingoti, kwa maana radi za Usambara hazina huruma. Pwani adui ni chumvi: paka grisi kwenye skrubu na viungio, kagua kutu kila baada ya miezi mitatu.

Spidi ya Mbps 10 inatosha watu 15 kwa kazi za kusoma, kutuma fomu na ujumbe, kwa sababu hawavuti wote kwa sekunde moja. Haitoshi video. Zuieni video saa za masomo, na wekeni faili kubwa, kama mitihani iliyopita na masomo ya kurekodiwa, kwenye kompyuta ya pale pale zishushwe mara moja tu usiku.

Nani aendeshe? Kikundi cha vijana kilichosajiliwa ni bora kuliko ofisi. Kinaweza kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Shule na zahanati zilipe kidogo kwa mwezi au zisilipe, wengine wanunue kwa saa. Mapato yaandikwe kila siku na kusomwa kwenye mkutano wa robo mwaka, sehemu yake ikiwekwa ya betri mpya. Betri itakufa, na isipowekewa akiba kituo nacho kitakufa siku hiyohiyo. Kabla ya kuuza intaneti kwa mtu yeyote, nendeni TCRA muulize leseni inayowahusu. Kondoa, mkoani Dodoma, jamii ilijenga mtandao wake kwa kutumia masafa ya televisheni yasiyotumika, ikisaidiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, na TCRA ilihusishwa.

Vijiji vilivyo karibu na mji viulize pia TTCL, shirika la simu la serikali, kuhusu Mkongo wa Taifa, yaani njia kuu ya faiba ya nchi. Ukiwa umepita karibu na shule yenu, waya wa faiba utakuwa bora kuliko antena yoyote.

Wekeni kanuni ukutani: hakuna kuchukua picha ya kitambulisho cha mtu bila ruhusa yake, hakuna kubaki na namba ya siri ya mama aliyekuja kusaidiwa kutuma pesa. Tangu Mei 2023 kuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, na mhudumu wa kituo aijue.

Hatua ya nane: mnara ukishawaka, rudini na daftari

Siku mnara unapowaka kuna ngoma na picha. Subirini wiki mbili, kisha wapeni vijana walewale daftari lilelile, wapite sehemu zilezile, saa zilezile. Linganisheni safu kwa safu. Mkikuta E pale ambapo mliahidiwa 4G, andikieni kampuni, na wasipojibu, TCRA.

Sisi tulirudi. Mwalimu mkuu sasa anafanya manunuzi yake ofisini, na mfenesi umebaki na wazee wanaocheza bao. Shule ilisoma -84, zahanati -91. Kitongoji cha nyuma ya kilima, chenye nyumba kumi na tisa, kilisoma -117, na ujumbe wa sauti haukutoka. Barua yao iko kwenye faili, ukurasa wa kwanza umeshaandikwa. Wiki ijayo usiku hautakuwa na mwezi, na wameshaambiwa wachaji tochi.